Ukoga wa Pipa la Bi Mize

Pipa lililotiwa maji ya kumwoshea Bi Mize nililitambua kwa ubavu wake uliobabuka chini, palepale nilipolitoboa kwa msumari wa moto nikiwa na miaka ishirini na moja, nikajiunguza vidole. Ni pipa la plastiki la buluu, la aina inayokuja na mafuta ya kupikia, na miaka yote hii nilidhani limeshatupwa. Tundu lilikuwa limezibwa kwa kipande cha ndara. Jirani mmoja aliniwekea kata mkononi akanambia kwa sauti ya chini, "Riziki, weye chota. Ya mwanzo ya mkunazi, ya mwisho ya karafuu maiti. Chota taratibu, usikoroge." Nikachota. Nilikuwa nachota polepole mno, na wenzangu walidhani ni kilio. Kilio kilikuwepo, lakini chini ya kilio kulikuwa na jambo jingine ambalo hata sasa naona haya kuliandika: nilikuwa nayachunguza maji. Kabla majani ya mkunazi hayajatiwa niliyatazama, hayakuwa na rangi. Niliinama kama anayefuta machozi nikayanusa, hayakuwa na harufu. Yalitoka kwenye kisima cha pale pale kwao, kile alichokichimba marehemu mumewe, na kwa kila mwanamke aliyekuwa nyuma ya pazia lile hapakuwa na maji safi kuliko hayo ya kumtolea Bi Mize duniani.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nalisema mapema ili msomaji asije akaona nilimficha. Nikifunga mlango narudi kuusukuma, na ujumbe wa mistari mitatu naweza kuuandika na kuufuta mchana kutwa. Nikitia udhu narudia. Bi Mize alikuwa akiniona pale kwenye birika: anatawadha yeye, anasali yeye, anakunja mswala, mimi bado nimeng'ang'ania mkono wa kushoto. "Shetani wa udhu yuno," alikuwa akisema, "kampata mtu wa kuchezea." Hakuwa akisema kwa ubaya. Alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, na kwake kila kasoro ya mtu wa nyumbani ilikuwa kitu cha kukitania kwanza na kukiombea dua baadaye. Nadhani ni yeye peke yake aliyewahi kunifanya nicheke juu ya jambo ambalo likinishika linaninyima usingizi.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule niliokaa kwake, katika kitongoji kimoja cha upande wa Msuka. Jina lake silitaji, kwa kuwa wenyewe wapo na hawakuomba kuandikwa. Binti yake alikuwa amekwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani, akamwacha mtoto wake, Salha, kwa bibi yake. Magoti ya Bi Mize yalishaanza kumsumbua, na mimi sikuwa na shule inayoniita wala kazi inayonisubiri, nikapelekwa nikamsaidie. Nilipewa chumba cha uani kilichokuwa stoo ya karafuu. Karafuu zilishauzwa siku nyingi lakini kuta zilibaki na harufu yake, na ukilala mchana kwenye joto ulikuwa unaamka na ladha ya karafuu mdomoni. Nilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo, na simu yenye kioo kilichopasuka. Kwenye simu hiyo ndiko nilikosomea. Nilikuwa naipakua makala ya Kiingereza yenye maneno magumu, nakaa nayo na kamusi, na sentensi moja ikinikataa sivuki. Wengine wakikwama huruka wakaendelea, lakini mimi nilikuwa nabaki palepale mpaka adhana ya alasiri.

Nikikumbuka chakula cha nyumba ile, namkumbuka Salha akilala juu yake. Bi Mize alikuwa akipika muhogo wa nazi ukalainika kama siagi, na dagaa wa kukaanga wa kitoweo, na chai ya mchaichai. Tunakaa mkekani, tunaanza, na kabla Bi Mize hajamaliza kutoa miiba, Salha ameshaegemea paja langu, mkono mmoja umeshika muhogo. Alikuwa na miaka minne. Midomo yake ilikuwa myeupe, tumbo lilimuuma mara kwa mara, choo chake kilikuwa cha taabu. Lililonitisha zaidi ni maneno. Nilipofika alikuwa akisema sentensi nzima, za kuamrisha: "Mamdogo, nifunge kamba." Miezi ikapita, ikawa "funga." Kisha akawa ananyoosha mguu tu. Tulimpeleka kituo cha afya, akapewa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu. Waliotupa walifanya kilichokuwa ndani ya uwezo wao. Bi Mize alimchanja chale, akamsomea dua, akamfunga hirizi, kisha akanambia, "Mtoto anamlilia mama yake kwa ndani." Nami niliamini hivyo kwa muda, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuamini.

Hatua chache kutoka kisimani, chini ya mshelisheli, Mzee Faki alikuwa na kiwanda chake. Nakiita kiwanda kwa kuwa mwenyewe alikiita hivyo. Alikuwa akinunua betri chakavu za gari, anazipasua kwa shoka, anamwaga tindikali yake pembeni, anatoa vile vibao vya ndani, anavisuuza kwa maji ya kisima na kuviyeyusha ndani ya sufuria kuukuu. Risasi, yale madini mazito, ikishayeyuka anaimimina kwenye matundu aliyoyafinya katika mchanga wenye unyevu, na zinatoka chubwi, zile risasi za kuzamishia mishipi na nyavu. Wavuvi wa kaskazini yote walimjua. Chubwi zake zilikuwa laini, hazina mikwaruzo, hazikati mshipi. Kwa mtu wa kutafuta kasoro kama mimi ilikuwa raha kumwangalia akifanya kazi. Nilikuwa nasimama na ndoo yangu nimesahau kuteka. Ilikuwa ni siku moja nimelala juu ya kitanda cha kamba, nasoma mambo ya maji kwa ajili ya kusoma tu, ndipo nikakutana na neno risasi na orodha ya yale inayomfanyia mtoto. Nilisoma mpaka mwisho. Nikainuka nikachungulia dirishani. Salha alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kisima, anakunywa kwa kata.

Sikumwambia mtu. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa kuwa sahihi. Nilimwomba binamu mmoja anayefanya kazi Unguja apeleke chupa ya maji maabara, na majibu yalipokuja kwa simu niliyasoma nikiwa chooni, mlango nimeufunga kwa komeo. Risasi ilikuwamo, mbali juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Nilimwomba arudie kwa chupa nyingine, kwani huenda ile ya kwanza sikuisuuza vizuri. Akarudia. Ikawa ni ile ile.

Nilimwambia Bi Mize asubuhi, akiwa anakuna nazi. Alisikiliza bila kuacha kukuna. Nilipomaliza akaiweka mbuzi pembeni, akajifuta mikono, akanambia, "Unajua kisima hichi ni cha nini?"

"Najua, Shangazi. Ni cha marehemu Ami Hamad."

"Ni sadaka yake. Alikichimba kwa mkono wake, hana tegemeo jingine. Mtu akishafukiwa amali zake zimekwisha, isipokuwa kile alichokiacha watu wananufaika nacho. Kila anayekunywa hapa, Hamad anapata thawabu kule. Sasa unataka nitoke nje niwaambie watu nini? Kwamba mume wangu anawanywesha sumu, na mambo yake huko aliko yamesimama?"

Ninazo hoja nyingi leo, nimezipanga vizuri kichwani miaka yote hii, lakini ile asubuhi niliangalia tu chicha la nazi. Alinihurumia. Alisema, "Ukimtekea Salha kwengine, mtekee. Lakini kisima usikitie jina baya." Nikawa nateka kisima cha ng'ambo ya bonde, chenye maji ya chumvi kidogo. Salha akayatema. Hata alipoyazoea haikusaidia kitu, maana mtoto hanywi kwao tu: akienda chuoni kusoma Kurani anakunywa, akicheza kwa jirani anakunywa, na kila nyumba ilikuwa inateka palepale. Nilimfuata na chupa kama kichaa. Kuyachemsha nilijua hakufai, risasi haichemki ikaondoka, hubaki wakati maji yanapungua.

Nilikwenda kwa Mzee Faki pia. Nilijiandaa, nikaandika nitakayosema, nikayakariri. Alinisikiliza akiwa amechuchumaa, sufuria inafuka moshi mbele yake.

"Kwa hiyo mimi muuaji," akasema.

"Sikusema hivyo, Mzee."

"Mie nnazo pumzi, nna meno, nna wake wawili na wote wanalalamika. Baba yangu kayeyusha risasi mpaka akawa hasikii adhana, ndipo kafa. Risasi yenyewe nzito, mwanangu. Ikianguka kisimani inakaa chini. Nyie mnateka juu." Akacheka, wavuvi wawili waliokuwa wakingojea wakacheka naye. Kisha akachagua chubwi ndogo nzuri kuliko zote, akaipoza kwenye ndoo, akaimwaga ndoo palepale, akanipa. "Mpe Salha achezee." Nikaipokea kwa heshima. Nilikwenda kuizika nyuma ya choo, nikanawa mikono mpaka ngozi ikauma.

Lile pipa lilizaliwa kutokana na kushindwa huko. Nilikuwa nimesoma kwamba kuna bakteria wanaojijengea nyumba ya utelezi juu ya mawe na kokoto, na kwamba utelezi huo hunasa madini yenye sumu yaliyoyeyuka majini. Bi Mize aliponiuliza ni kitu gani hasa, nilimwambia apitishe ulimi kwenye meno yake asubuhi kabla ya mswaki. "Ule ukoga," nikasema. "Ukoga wenyewe ndio huo. Ni viumbe vidogo visivyoonekana, wamekaa pamoja, wamejifunika ute wao. Wapo wa meno, na wapo wa maji. Hawa wa maji risasi ikipita wanaikamata."

"Wanaila?"

"Hawaili, Shangazi. Wanaishika tu."

Akalifikiria hilo. "Kama chujio," akasema, na mimi kwa furaha ya kueleweka nikamjibu ndiyo, kama chujio. Nimelirudia jibu hilo kichwani mwangu kuliko dua yoyote.

Nilijaza pipa kokoto na makumbi ya nazi niliyoyatwanga na kuyasuuza. Mbegu ya ukoga niliichukua kwenye mikoko, lile tope jeusi la chini linalonuka mayai viza, kwani nilikuwa nimesoma kwamba wanaoishi katika tope kama lile huigeuza risasi iliyoyeyuka ikawa chembe ngumu zisizosafiri. Juu niliweka ndoo yenye mpira wa dripu nilioomba kituo cha afya, maji yashuke tone tone. Chini, kwenye tundu nililotoboa, nikatia bomba, na mbele ya bomba ndoo ya mchanga na makaa ya kumalizia. Majuma ya mwanzo yalitoka maji meusi yenye kunuka, nikayamwaga kwenye shimo nililolichimba mbali. Kidogo kidogo yakang'aa. Nilikuwa naingiza kidole chini ya kifuniko kila siku, naipapasa kokoto ya juu. Siku nilipokuta imeanza kuteleza nilikaa chini ukumbini, nikairudia kuipapasa. Sikuwa nimewahi kufanya kitu chochote kikakubali.

Kisimani wanawake walikuwa wameshanipa jina. Nililisikia nikiwa nyuma ya ukuta wa makuti, natwanga makumbi.

"Bi Ukoga hajaja leo?"

"Yupo anawakogesha wadudu wake."

"Mume atampata wapi, na tope lile la mikoko?"

"Atapata. Kuna wanaume wananuka zaidi."

Wakacheka, na mimi nikacheka peke yangu nyuma ya makuti, nimejiziba mdomo. Lakini swali walilolipeleka kwa Ustadh wa chuo halikuwa la mzaha: maji yaliyopita katika uchafu ule, yanafaa kutawadhia? Ustadh alikuwa kijana mpole. Alikuja mwenyewe, akakaa barazani, akaomba kikombe. Akakitazama kwenye mwanga, akakinusa, akaonja. "Rangi salama," akasema. "Ladha salama. Harufu, Riziki, kuna harufu ya mbali. Ya pwani." Ndivyo ilivyo sheria ya maji: yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa uchafu, yameharibika. Nikamwekea kikombe cha pili, cha kisimani. Hakikuwa na rangi, wala harufu, na utamu wake ulisifika vitongoji vyote. "Haya ndiyo yenye sumu, Ustadh," nikamwambia. Akabaki amevishika vyote viwili, mkono huu na huu. Alisema kwamba kama dhara ipo, dini haimwachi mtu na dhara, lakini dhara lazima ithibitishwe, na kwamba hawezi kuwaambia watu kisima cha wakfu kimeharibika kwa neno la simu. Hakuwa amekosea. Hakuna aliyekosea mwaka ule, na hilo ndilo linaloninyima mtu wa kumlaumu.

Nilipeleka tena chupa Unguja, sasa ya maji yaliyopita pipani. Risasi ilikuwa imeshuka sana. Haikufika kwenye kiwango, lakini ilishuka mno hata nikamuuliza binamu yangu kama hakuchanganya chupa. Mtu mwingine angepiga kelele kijijini kote siku ile. Mimi nikasema bado, nitaongeza makumbi, nitapunguza matone, yakitimia ndipo nitakwenda kwa Ustadh na karatasi isiyopingika. Salha nikaanza kumpa. Alikunywa bila kutema. Alikuwa akikaa mbele ya bomba na kuhesabu matone kwa sauti, na kwa kuwa alijua "moja" na "mbili" tu, yalikuwa moja, mbili, moja, mbili, asubuhi nzima. Niliyahesabu maneno yale mawili kuwa ni dalili. Sijui kama yalikuwa.

Mwisho wa Shaabani nikaenda Wete kupeleka chupa niliyoamini kuwa ndiyo ya mwisho, iondoke na boti. Mvua ikanikamata, nikalala kwa jamaa. Siku niliporudi watu walikuwa wanavunja jungu, wanapika na kula kabla ya mfungo, na kila nyumba ilikuwa imetoa vyombo nje kuvisugua, kwani mwezi mtukufu hauingii kwenye nyumba yenye masizi. Nilipokaribia ua wetu niliona mkeka umetandikwa juani, na juu yake kitu cheupe kimeanikwa. Nilidhani ni mchele. Zilikuwa kokoto zangu. Zimesuguliwa moja moja kwa mchanga na jivu, zikawa nyeupe kama mayai. Makumbi yalikuwa mapya, yamefungwa vizuri kwa ukindu. Pipa lilikuwa limeinamishwa, linamiminika maji, na Bi Mize alikuwa amekaa kwenye kibao kando yake, miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti, mikono imejikunja ncha za vidole kwa kuloa mno. Alinitazama kwa furaha ya mtu aliyekuwa akingojea kuonekana.

"Pitisha kidole," akasema.

Nikapitisha. Lilikuwa linalia, kama sahani.

"Nimelisugua toka jana. Lilikuwa limeshika uchafu mwingi, mwanangu, maskini. Chujio likijaa huoshwa, ama sivyo? Nikasema Ramadhani isimkute Riziki na kazi hino peke yake."

Nilisimama na mkoba begani. Jambo ninalotaka lieleweke ni kwamba alikuwa na haki. Ukoga ukishashiba risasi kweli hautoshi tena, huondolewa ukapandwa mwingine, na mimi nilikuwa sijamweleza hilo kwa kuwa nilikuwa sijalisoma vizuri na sisemi nisichokisoma vizuri. Nilitazama zile ncha za vidole. Nikasema, "Ahsante, Shangazi." Kisha nikauliza, kwa sauti niliyojaribu kuifanya ya kawaida, "Yale maji ya kusugulia uliyamwaga wapi?"

"Kwenye mchicha," akasema. "Vyote vinavyonuka vile ni mbolea."

Tuta la mchicha lilikuwa palepale, kati ya jiko na kisima. Udongo wake ulikuwa umeloa, mweusi, na majani yamesimama vizuri. Risasi yote ambayo viumbe wale waliikamata kwa miezi, tone kwa tone, ilikuwa imerudishwa nyumbani kwa ndoo.

Futari ya kwanza ilikuwa na uji wa pilipili manga, tambi za sukari, changu wa kupaka, na bakuli la mchicha wa nazi. Salha alikuwa amekaa katikati yetu. Bi Mize akampakulia. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Shangazi, mchicha una mchanga." Bi Mize aliweka upawa chini. Kwa mwanamke wa umri wake na sifa zake za jikoni, ni heri ningemtukana. "Nimeolewa nikiwa sijavunja ungo," akasema taratibu, "na tokea siku hiyo hajatokea mtu kunambia mchicha wangu una mchanga." Akaliondoa bakuli, na sahani ya Salha pia, akavipeleka jikoni. Nilimwona kwa mlango ulio wazi. Alikaa kwenye kibao chake, akachukua tonge, akalitafuna polepole akiutafuta mchanga kwa ulimi. Akachukua jingine. Hakuupata, akaendelea kuutafuta, mpaka bakuli likaisha. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kunyanyuka na kusema ukweli. Ningemwambia kwamba kazi yake ya siku mbili, kwa magoti yale, ndiyo iliyoweka sumu pale. Nilibaki mkekani, nimeshika tende, Salha ameniegemea.

Nilijaribu tena. Tope jipya lilinuka kuliko la kwanza, na nyumba yetu ilikuwa kwenye njia ya waendao tarawehe. Ustadh alinijia kwa adabu zake zote akaomba nisubiri mpaka Idi. Nikasubiri. Baada ya Idi zikaja mvua kubwa, ndoo ikafurika ikasukuma kila kitu. Majibu ya ile chupa niliyoipeleka Wete yalifika katikati ya hayo. Yalikuwa yametimia. Maji yale yalikuwa salama kwa mujibu wa kila kipimo, na pipa lililoyatoa lilikuwa limeinamishwa ukutani, linang'aa. Sikumwonyesha Ustadh. Ningemwonyesha maji gani? Mwisho wa mwaka nikapata kazi Chake, kwenye duka la vifaa vya shule, nikaondoka. Mzee Faki naye alihama baadaye, si kwa ajili yangu. Mwanawe alijenga, akamfuata, na nasikia kiwanda kipo nyuma ya nyumba ile, karibu na kisima kingine.

Siku ya tatu baada ya mazishi, hitma ya Bi Mize ilipokwisha na wanaume wakaondoka, wanawake walitoa masufuria nje kuyasugua. Salha sasa ni msichana mrefu, mrefu kuliko mimi. Husema kidogo, na mpaka aseme unamngojea. Shuleni amerudishwa madarasa. Mwalimu anasema ni mzito, mama yake, aliyerudi Maskati mara mbili kumtafutia ada, anasema ni mtulivu. Mimi sijui ni kisima, au ni namna alivyoumbwa, na hakuna maabara ya kunijibu sasa. Lakini kwa kusugua hakuna anayemfikia. Bibi yake alimfunza. Nilimkuta ameliinamisha lile pipa la buluu, ameingia ndani mpaka mabegani, kwani mabomba yaliyoletwa baadaye hayakuwa yakitoa siku hizo, na pipa wiki nzima limekaa na maji ya kisima. Akatoka na kiganja wazi, akanionyesha utando wa kijivu uliokuwa ukiteleza kwenye vidole.

"Mamdogo," akasema. Akangoja, kisha akamalizia. "Ukoga."

"Nauona."

"Bibi alisema... nikiuona niutoe wote."

Nilikaa chini kando yake, kwenye kile kibao. Nikachukua jivu na kipande cha kumbi. Tukasugua pamoja, yeye ndani, mimi nje, mpaka nilipopitisha kidole likalia. Alitabasamu kusikia linalia, tabasamu la Bi Mize lile lile. Maji ya kusugulia tulikuwa tumeyakinga kwenye ndoo, ya kijivu, yenye povu kidogo. Salha akainyanyua ndoo akageuka huku, akageuka kule. Tuta la mchicha bado lipo, kuna mtu analipanda. Kisima kipo. Chini ya mshelisheli ardhi imebaki nyeusi. Mbele yake ni njia ya watoto kwenda chuoni, na baada ya njia mashamba ya watu yanashuka mpaka mikokoni.

"Mamdogo," akasema, "tumwage wapi?"

Akasubiri. Ni mtoto anayejua kusubiri. Ndoo ilikuwa nzito kwake, nikanyanyuka nikaushika mpini upande wa pili, tukasimama nayo.